Bundu ya Manjano, Kikapu Kimoja

Koko mpendwa,

Mvua ya leo imekatika mapema, na uani kwetu hapa Bwera kunanukia soya iliyokaangwa. Nimekaa kwenye kigoda chako nje ya jiko. Kikaango nimeshakiepua na vidole vyangu vimejaa moshi. Tangu uvuke daraja la Mpondwe kwenda Butembo kumuuguza mdogo wako, sijakaanga soya hata mara moja bila kukusikia mgongoni kwangu ukisema, "Geuza, geuza, hii si maharagwe ya harusi." Mpaka leo sijui maharagwe ya harusi hukaangwa vipi. Nageuza tu.

Nimemaliza shule, Koko. Najua Baba alikuambia kwa simu, lakini wewe kwenye simu unapiga kelele "Allo! Allo!" halafu unamrudishia mtu simu yake kabla hajasema kitu. Sasa nasubiri matokeo, na siku za soko namsaidia Mama kwenye meza yake ya unga. Haya yangu bado ninayo. Mteja akiuliza bei namjibu kwa sauti ndogo, mpaka Mama anairudia kwa niaba yangu. Kwenye karatasi ni tofauti. Hapa hakuna anayenitazama mdomo, kwa hiyo vumilia, nina mengi.

Rafiki yangu mmoja wa shule aliwahi kuniuliza kwa nini nakuita Koko wakati wenzangu wana bibi na nyanya. Nilimpa jibu lako neno kwa neno: "Bibi ni muke wa mutu. Mie nitakuwa bibi ya nani? Muzee alishakufa." Alicheka sana. Tangu siku hiyo naye anakuita Koko, ingawa hajawahi kukuona.

Unakumbuka siku tuliyokwenda Kasese? Ulikuwa umeanza kunywa maji kama mtu aliyetoka kulima, jagi zima, na kabla hujaliweka chini unaomba jingine. Ukishakula tu unasinzia hapo hapo mkekani. Uzi ulikuwa haukubali kuingia kwenye sindano, ukadai sindano za siku hizi zinatengenezwa bila tundu. Baba akasema nikusindikize mimi. "Biira hana maneno mengi," alisema, "atasikiliza yote atakayoambiwa." Basi nikasikiliza. Sista aliyetupokea hospitalini alikuwa mwanamke mnene, mcheshi. Alikuchoma kidole, akatazama kimashine chake, akatazama tena.

"Mama, una sukari."

"Sukari?" ukashangaa. "Mie sitiake hata sukari mu chai!"

"Asubuhi unakula nini?"

"Bundu ya jana, kama ilibaki."

"Mchana?"

"Bundu."

"Na jioni?"

Ulimtazama kama mtu aliyekuuliza jina la mama yako mzazi mara tatu. "Bundu, sista. Kwani watu wanakula nini kwenu?"

Yeye alicheka, mimi nikatazama sakafu. Lakini nilisikia kila neno, na nimelishika mpaka leo. Alisema muhogo mtupu ukiingia tumboni hugeuka sukari haraka, na mwili wako sasa umechoka kuipokea kwa wingi hivyo. Hakukukataza bundu, ugali wako wa muhogo, maana alijua ni sawa na kukukataza kupumua. Alisema uchanganye unga wake na unga wa soya, vikombe vitatu vya muhogo kwa kimoja cha soya, kwa sababu soya huipunguzia sukari mwendo. Tonge liwe dogo, mboga ya sombe na samaki viwe vingi. Na vidonge, akasema huku amekunyooshea kidole, soya si badala ya vidonge.

Tulinunua soya njiani kurudi. Ulizishika mkononi, ukazitikisa, ukasema ni nzuri lakini ni ngumu, zitataka kuvundikwa.  Nani angekubishia kuhusu unga? Bwera nzima ilijua kwamba bundu yako ni nyeupe kuliko shati la padri na inavutika bila kukatika. Muhogo ulikuwa ukiulundika, unaufunika majani ya mgomba, unaweka jiwe juu na kuuacha uote ukungu, halafu ndipo unaukwangua, unauanika na kuutwanga. "Bila kuvunda haiko unga," ulituambia tangu tukiwa wadogo. Kwa hiyo soya nayo ukailoweka, ukailundika, ukaifunika majani, ukaiwekea jiwe.

Koko, harufu ile! Kwanza tulidhani ni panya. Halafu kuku wakahama ule upande wa uwanja. Jirani alisimama kwenye ua, kanga puani, akaita, "Mama Baluku, kuna mbuzi amekufa huko kwenu?" Ukamjibu bila hata kugeuka, "Hapana. Ni dawa yangu." Baba alifika kutoka kazini, akasimama mlangoni, akarudi barabarani kuongea na watu wa boda mpaka chakula kikawa tayari. Wewe peke yako ulikuwa umetulia. Ulisema inakaribia kuiva.

Aliyetuokoa ni Mama Kavira. Wakati ule alikuwa bado ni mfanyabiashara tu kwetu, mama wa Butembo anayevuka kila siku ya soko na mafuta ya mawese na samaki wa chumvi, anayetua mzigo kwetu kupumzisha kichwa. Aliingia, akanusa, akafanya ishara ya msalaba.

"Nani amekufa humu?"

"Ni soya ya Koko," Mama akamwambia.

"Mumeivundika? Soya? Yesu na Maria! Soya haivundikake, mama! Unaosha, unaanika, unakaanga mpaka inukie kama karanga, ndiyo unasaga!"

Nilikutazama, nikaogopa utakasirika kusahihishwa mbele ya watu. Wewe ukaanza kucheka, ukacheka mpaka ukashika magoti. "Basi nimeua soya muzima-muzima," ukasema. Tulikipeleka kile kitu migombani kwa jembe, tumejifunga vitambaa usoni, na kila tukitazamana tunaanza upya kucheka. Naipenda siku hiyo kuliko Krismasi nyingi.

Safari iliyofuata tulikaanga. Mtu wa mashine ya kusaga naye akatugombeza, kwamba soya ina mafuta, inaziba mashine yake. Wewe ukamwambia aichanganye na muhogo mkavu visagike pamoja, kama hataki aseme tupeleke pesa yetu kwa mwenzake. Akachanganya. Ule unga ulitoka na rangi ya manjano kidogo, kama krimu, na ulikuwa na harufu nzuri. Nilidhani matatizo yetu yameisha.

Kumbe ndiyo yalikuwa yanaanza. Mama, kwa nia njema kabisa, akaanza kupika sufuria mbili. Kubwa nyeupe ya watu wote, na ndogo ya manjano ya kwako. Akatuwekea kikapu chetu katikati ya mkeka, na wewe akakupa sahani yako pembeni, imefunikwa vizuri kwa sahani nyingine, kama anavyopewa mgeni wa heshima. Uliitazama ile sahani. Hukuigusa.

"Kula, Koko, ni yako," Mama akasema.

"Yangu namna gani? Mie iko mulozi, nipikiwe pembeni?"

 Sote tulijua unachosema. Kwetu watu wa nyumba moja wanamega kikapu kimoja, na anayewekewa chake peke yake ni yule ambaye wengine wanaogopa mkono wake. Ukanyoosha mkono, ukamega tonge kubwa kutoka kwenye nyeupe, ukachovya kwenye sombe, ukala. Ikawa hivyo siku baada ya siku. Sufuria ndogo ikawa chakula cha kuku. Jagi la maji likarudi kukaa karibu na mkeka. Tulipokwenda tena Kasese, sista hakucheka. Alikuuliza, "Mama, unataka kuwaona hawa wajukuu wakiolewa au hutaki?" Njiani kurudi mimi nilikuwa naogopa, Koko. Nilikuwa naogopa sana kwamba utakufa kwa sababu ya adabu.

Jioni iliyofuata ilikuwa Jumamosi na Baba Mdogo Bwambale alikuja kutoka Hima, bado na vumbi la lori la simenti kwenye nyusi. Mama akaweka kikapu, akaweka na sahani yako. Sijui ni nini kilinisukuma. Niliinuka nilipokuwa nimekaa karibu na Mama, nikaja kukaa kando yako, nikafunua sahani yako na kumega. Watu wote wakanitazama. Masikio yangu yalikuwa yanawaka.

"Mimi nakula ya Koko," nikasema. Halafu, kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza, nikasema na lililobaki: "Kwa nini tunapika mbili? Tupike hii. Sote tule hii."

Ulinigeukia taratibu. "Kumbe weye uko na mudomo!"

Baba ndiye aliyefuata. Aliivuta tu sahani katikati ya mkeka, akamega, akatafuna huku akitazama ukutani kama mtu anayepima mbao. Baba Mdogo akamega naye. Tonge likamvunjikia vidoleni, maana siku zile bado tulikuwa hatujui kuisonga ishikane.

"Aa! Wiki nzima nabeba simenti," akasema, "na nikifika kwenu mnanipa simenti nile?"

"Kula," ukamwambia. "Labda itakusaidia kusimama wima. Kila Jumamosi unaingia hapa umeinama na kuimba."

Mama alicheka mpaka akamwaga mchuzi. Baba Mdogo aliapa kwamba ni mgongo unaomuuma, si pombe, na hakuna aliyemwamini. Sahani ile ndogo haikututosha hata robo, lakini Jumapili kulikuwa na sufuria moja tu jikoni, na kikapu kimoja mkekani, na ndani yake bundu ya manjano.

Wewe ndiye uliyegundua jinsi ya kuifanya ivutike. Ulikataa kushindwa na maharagwe. Ulikaa chini, ukabana sufuria kwa miguu yote miwili, ukaanza na uji wa muhogo mtupu kidogo, mzito, ukausonga mpaka ukang'aa, ndipo ukaongeza ule unga wa mchanganyiko mkono kwa mkono. Nilikuwa nimeshika taa ya simu kwa sababu umeme ulikuwa umekatika. Ulipoinua mwiko, bundu ilifuata juu bila kukatika, na ulinitazama kama vile umezaa. Nyeupe haikuwa tena, na haikuwa laini kama ile ya zamani. Ulisema tu, "Uzuri yake ni ingine."

Na jagi la maji likarudi jikoni. Sikumwona aliyelitoa, siku moja tu nililiona huko na nikagundua kwamba lina muda huko. Uliacha kusinzia baada ya kula, ukaanza kutugombeza baada ya kula, na sisi tukafurahi kugombezwa. Kule Kasese sista alipokuchoma kidole ulimwambia kimashine chake kina kiu ya damu kuliko mbu, naye akatazama namba, akatabasamu kwa meno yote. Alikuuliza umefanya nini. Ukaninyooshea kidole mimi. Sikujua mahali pa kuweka uso.

Halafu mdogo wako, Koko Katungu, akateleza karibu na kisima, akavunjika nyonga, na hakukuwa na mtu mzima wa kukaa naye. Hukufikiri mara mbili. Asubuhi ya safari nilikuwa nakufungia unga kwenye mfuko, na wewe unajifunga kitenge, ukaniambia kwa sauti ya chini, "Usimuambie Katungu mambo ya sukari. Atasema nilikuja Uganda kuokota ugonjwa." Sikukuahidi, Koko. Nilinyamaza, na wewe ukauchukua ukimya wangu kama ndiyo, jinsi watu wengi wanavyofanya.

Tangu hapo nakutumia unga kwa Mama Kavira, na kila akirudi namuuliza habari zako. Jibu lilikuwa moja: "Anakusalimia, amesema aksanti." Nililala vizuri kwa jibu hilo. Lakini soko la juzi alikaa muda mrefu kuliko kawaida, akavua viatu, akaniita jikoni.

"Biira, Koko yako anapika kasufuria kake nyuma ya nyumba, asubuhi, mbele watu hawajaamka," akaniambia. "Anakula amesimama. Unga anaficha chini ya kitanda. Saa ya chakula anakaa na wengine, anamega katonge kamoja, anasema ameshiba."

"Na Koko Katungu anasemaje?"

"Analia. Aliniambia: dada yangu alienda Uganda, sasa hapendi tena chakula yangu."

Nimelifikiria jambo hilo siku zote hizi, nikipepeta, nikikaanga, nikipima unga wa wateja. Nimejaribu kukuona ukila umesimama nyuma ya nyumba, wewe uliyekataa sahani iliyofunikwa vizuri. Kwa upande mmoja nilifurahi, kwa sababu unajitunza, hata huko, hata kwa shida. Lakini siku utakapozidiwa hapo Butembo, hakuna atakayejua ni nini, hakuna atakayejua vidonge viko wapi. Na mdogo wako amelala na nyonga yake akidhani umemchoka. Nyote wawili mna njaa ya kitu kimoja, na kikapu kiko katikati yenu.

Wewe husomi, na mimi siwezi kuvuka kabla ya matokeo. Kwa hiyo nimempa Mama Kavira barua hii bila bahasha, na nimemwomba asiisome njiani wala sokoni. Nimemwomba asubiri saa ya chakula, mkiwa mmeshakaa wote wawili na kikapu kimeshawekwa, ndipo aisome kwa sauti yake ile ya kanisani, tangu mwanzo mpaka mwisho. Usimkasirikie yeye. Amefanya nilivyomwomba. Nikasirikie mimi, na ukirudi unigombeze kwa muda wowote unaotaka, nitakaa na kusikiliza.

Koko Katungu, mimi ni Biira, binti wa pili wa Baluku. Hatujaonana, lakini nadhani unacheka kama Koko wetu. Dada yako hakatai chakula chako. Ana ugonjwa wa sukari, na anakuficha kwa sababu wewe ni mdogo wake na hataki umwone dhaifu. Muhogo mtupu unamuumiza. Sisi hapa sote tunakula uliochanganywa, na tumenenepa, muulize Mama Kavira. Vidonge vyake viko kwenye kifuko chekundu ndani ya kikapu chake cha nguo. Ukiona anakunywa maji mengi, au anasinzia ovyo, mtu ampeleke akapimwe, hata akikataa, na atakataa.

Mama ametuma unga. Safari hii si mfuko mdogo wa chini ya kitanda. Ni gunia, Mama Kavira atalilalamikia kuanzia langoni kwetu, na linatosha sufuria kubwa ya nyumba nzima, wewe, dada yako na watoto wote wa hapo. Koko, waonyeshe jinsi ya kuanza na uji. Usiwaambie habari za kuivundika, au waambie, ukipenda kuwachekesha.

Mimi niko salama. Nina furaha hapa, kwenye kigoda chako, na soya yako imeshapoa, tayari kwa mashine. Sasa Mama Kavira akunje karatasi hii, nanyi mnawe mikono.

Mjukuu wako,
Biira